Njia za Ndani

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima. Mama naye mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia lenyewe lini litembee na lini ligome. Binti yangu amepanda darasa na sasa anatuamrisha wote humu ndani, hata Mama anaomba ruhusa kabla ya kuzima taa. Kazini bado niko kwenye kufua. Hospitali imenunua mashine mpya ya kunyooshea mashuka, roli mbili kubwa. Shuka unaliingiza upande huu linatoka upande wa pili limekauka. Ile ya zamani imetupwa uani na wenzangu wanaanikia soksi. Mwaka jana uliniuliza kama mikono yangu bado inababuka kwa maji ya moto. Haibabuki tena. Imekufa ganzi, naweza kushika chuma kilichotoka kwenye mvuke nikakaa nacho hadi mtu anipigie kelele.

Sasa lile jambo lenyewe. Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi tarehe 27 ya mwezi uliopita, na tumeshindwa. Majaji watatu, karatasi kumi na nne. Wakili wetu, yule binti wa miwani mikubwa anayetutetea bure, alinisomea kwenye benchi la nje kwa sababu ndani walikuwa wanapiga deki. Ndugu yetu Redio wamemwandika kwa cheo chake, katibu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha betri, nikawa nasikiliza kama anasomewa mtu mwingine. Wanasema katiba inalinda uhai na uhuru wa kila mtu. Hilo hawalipingi, wamelitaja mara nne. Ila wanasema familia yenyewe, siku ya tatu, iliandikisha kituo kikuu cha polisi kwamba ndugu yao "amepotea". Kupotea, wanasema, mtu hupotea mwenyewe. Aliyechukuliwa angeandikwa amechukuliwa. Kwa hiyo katika neno "amepotea" hawauoni mkono wa serikali, na kesi wameifunga.

Maelezo yale yana sahihi yako. Sikulaumu, siku zile hakuna kati yetu aliyekuwa na akili zake.

Wakili alikuja nyumbani kutupa moyo. Akasema, "Mama, msivunjike moyo. Sasa tumemaliza njia za ndani, tunaruhusiwa kwenda nje." Nje maana yake ni ile Tume ya nchi nyingi, inayosimamia mkataba wa haki ambao serikali yetu iliusaini. Mimi nilielewa. Mama alielewa vingine. Asubuhi yake nimeamka sioni mtu, fimbo haipo, viatu vya kutokea havipo. Nimemkuta saa nne katika vichochoro vya nyuma ya stendi, anabisha mlango mmoja baada ya mwingine. Ananiambia, "Yule binti kasema tumemaliza njia za ndani. Nani kazimaliza? Mimi hizi sijawahi kupita." Nilicheka pale pale barabarani, peke yangu, watu wakanitazama.

Nimemweleza mara tatu. Anaitikia, halafu kesho yake anatoka.

Tume inataka mtu aliyeona. Bila hivyo ni neno letu dhidi ya neno la serikali, na neno letu lipo tayari kwenye faili, ni "amepotea". Muda ni miezi sita tangu hukumu, mwisho tarehe 27 Julai. Wewe ndiye uliyetoka naye asubuhi ile. Niandikie ulichokiona, hata kama unakiona kidogo. Simu tusitumie kwa mambo haya, wakili ameshatukataza.

Dada yako


Tarehe 11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe pole Mama kwa goti, na mwambie binti yako kwamba mjomba naye anaomba ruhusa ya kuzima taa. Huku ni baridi bado. Nakaa chumba kilekile, ghorofa ya tatu, jirani wa juu anaburuta viti kila asubuhi kama anahama.

Kazi inaendelea. Nimekuwa mkalimani wa kudumu sasa, nina kitambulisho chenye picha. Watu wanaokuja kuomba hifadhi huhojiwa katika chumba kidogo chenye zulia la kijivu, jagi la maji na boksi la karatasi za kufutia machozi. Ofisa anakaa kiti cha kwanza, mwombaji cha pili, mimi cha tatu. Sheria ya kazi yetu ni kusema "mimi" pale mwombaji anaposema "mimi". Nikisema "nilifungwa", aliyefungwa ni wa kiti cha pili. Mwanzoni nilikuwa nikifika nyumbani silali. Sasa nalala vizuri sana.

Kuhusu hukumu, pole. Mwelezeni Mama hivi. Mkataba wa haki za binadamu ni ahadi ambayo serikali yetu imezipa serikali nyingine kuhusu namna itakavyowatendea watu wake yenyewe. Ikivunja ahadi, mtu hawezi kukimbilia Tume moja kwa moja. Lazima kwanza mahakama za nyumbani zipewe nafasi ya kurekebisha kosa, kuanzia ya chini hadi ya mwisho. Hizo ndizo njia za ndani. Zikishindwa, au zikicheleweshwa bila sababu, ndipo Tume inafungua mlango. Haiwezi kumfunga mtu jela, lakini inaweza kutamka kwamba serikali imevunja haki na kuitaka ieleze. Ni jambo kubwa, hata kama halionekani.

Wakili aangalie pia neno "kutoweshwa". Kwenye mikataba ndilo linalotumika: mtu amekamatwa na watu wa serikali, au kwa idhini yao, halafu serikali inakana kuwa naye au inaficha alipo. Ni tofauti kabisa na kupotea. Kosa hilo halihesabiwi kuwa limekwisha mpaka siku mtu huyo atakapojulikana alipo.

Kuhusu asubuhi ile, mimi na kaka tuliachana kwenye kona ya duka la vioo, kama nilivyoandikisha.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Tarehe 3 Aprili

Kitindamimba,

Hujambo. Sisi hatujambo. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, ni nzuri kama tangazo la ukutani. Ningekuwa na gundi ningeibandika pale hospitali karibu na lile la kunawa mikono.

Nimemsomea Mama kipande cha njia za ndani, polepole, ukurasa mzima. Amesikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mwambie sheria yao ni nzuri. Lakini hao majaji wametembea mitaa gani?" Ameshamaliza mtaa wa mafundi viatu na ule wa wauza mbao. Ana daftari la binti yangu, kila mlango alioubisha anaomba mwenye nyumba aweke alama. Kuna waliochora maua.

Wiki iliyopita niliitwa ofisi ya vizazi na vifo. Nilifikiri wamepata kitu, nikaenda na nguo za kazi. Karani ni mtu mzima, mpole, alinivutia kiti. Akanipa fomu ya kuomba mahakama itamke kwamba mtu amekufa. Mwezi wa sita Redio anatimiza miaka saba tangu asionekane, na sheria inaruhusu. "Dada, ukijaza hii mtapumzika," akaniambia, na nadhani alikuwa anasema kutoka moyoni. Nikaanza kujaza. Jina, umri, kazi, mpaka nikafika penye tarehe ya kifo. Nikamwuliza, hapa niweke ipi? Akafikiri kidogo, akasema, "Yoyote ya karibu-karibu." Nikabaki nimeshika kalamu. Sikulia wala sikukasirika, nilikuwa naangalia tu feni yao inavyozunguka.

Fomu nimerudi nayo nyumbani. Wakili anasema nisiijaze. Tukiandika wenyewe kwamba amekufa siku tusiyoijua, watafika Tume waseme hata hapo familia imeshasema. Karatasi moja yenye neno letu imeshatuzamisha, hataki ya pili.

Sasa nisikilize. Kwenye barua yako umenieleza mkataba, Tume, na hadi jirani anavyoburuta viti. Asubuhi ile umeipa mstari mmoja, na mstari wenyewe umeutoa kituo cha polisi. Usinivalie miwani ya mbao, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Uliona au hukuona? Nijibu kwa neno moja.

Dada


Tarehe 20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu kazi zikawa nyingi, wakalimani wawili wameacha. Huku jua limeanza kutoka. Nimenunua viatu.

Nimeifikiria sana ile fomu. Labda uijaze, Dada. Najua wakili ana sababu zake, lakini wakili ana kesi nyingine, nyinyi mna maisha. Kesi za Tume huchukua miaka minne, mitano, na mwisho wake ni karatasi inayosema serikali imekosea. Mama atakuwa na umri gani? Ukimtamka amekufa mnaweza kufanya maombolezo, watu wakaja, ikaisha. Wengi ninaowasikia hapa wangependa wapewe hata hilo.

Nasema hivi kwa mapenzi.

Mpe Mama salamu zangu nyingi sana.

Mdogo wako


Tarehe 9 Juni

Kitindamimba,

Mama ameanguka. Alikuwa katika njia ya nyuma ya soko, ngazi mbili tu. Nyonga haikuvunjika ila amelala, na ameagiza daftari lake lisipotezwe kwa sababu amebakiza mitaa mitano. Binti yangu amejitolea kumalizia hiyo iliyobaki, nimemkataza. Mimi mzima.

Barua yako ya mwezi wa tano nimeipata. Nimeirudisha kwenye bahasha.

Juzi nimekwenda kwa wakili. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, kila kitu humo kinanuka rangi, hata chai. Nimemwambia hatuna shahidi. Nimemwambia ndugu yangu hakuona, waliachana kwenye kona ya duka la vioo. Akavua miwani akaifuta, akaniuliza, "Huyu ndugu yako alipataje hifadhi kule?" Nikamwambia aliomba, wakampa. Akasema, "Hawatoi kwa kuomba tu. Mtu anaitwa, anahojiwa, anaeleza anakimbia nini na alimwona nani akifanya nini. Wanaandika neno kwa neno. Ndugu yako alieleza nini?"

Nikamjibu sijui. Nilipokuwa nashuka ngazi ndipo nikaona kwamba katika miaka sita sijawahi kukuuliza. Sote tulifurahi tu umefika salama. Mama alikwenda kuwaambia majirani.

Wewe unakaa kiti cha tatu kila siku. Siku yako ulipokaa cha pili, uliwaambia nini?

Zimebaki siku arobaini na nane.

Dada


Tarehe 1 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesikitika sana kwa Mama. Mimi mzima. Huku watu wanakaa nje kwenye majani siku nzima.

Niliona.

Nimetuma bahasha hii kwa njia ya haraka, itakufikia ndani ya siku kumi. Kuna karatasi sita. Mbili ni kiapo changu, nimeapa mbele ya mwanasheria wa huku na kimegongwa muhuri. Nne ni nakala ya mahojiano yangu, yaliyofanyika miaka sita iliyopita katika chumba hichohicho cha zulia la kijivu. Mkalimani wangu alikuwa mzee mmoja ambaye sasa amestaafu. Nimeyarudisha kwa lugha yetu mwenyewe. Sehemu yenyewe naiandika hapa ili usiisikie kwanza kutoka kwa wakili.

Swali: Eleza ulichokiona.

Jibu: Nilikuwa natembea na kaka yangu kwenda kazini, saa moja na robo asubuhi. Tulipofika duka la vioo, gari jeupe lisilo na namba likasimama. Wakashuka watu wanne. Wawili walikuwa na nguo za kiraia na viatu vya polisi.

Swali: Walisema nini?

Jibu: Walimtaja kaka jina lake lote na cheo chake cha chama. Walisema wanataka ile orodha ya wafanyakazi walioathirika na madini ya risasi yaliyomo kwenye betri. Wakamshika mikono. Mmoja akanigeukia akaniuliza, "Na wewe, mko pamoja?"

Swali: Ulijibu nini?

Jibu: Nilisema hapana. Nilisema simjui, tumekutana tu njiani.

Swali: Kaka yako alisikia?

Jibu: Alisikia. Akawaambia, "Kweli, huyu hatujuani."

Swali: Kisha?

Jibu: Nilikodi pikipiki nikalifuata gari. Liliingia kituo kidogo cha polisi chenye geti la kijani. Nilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha magazeti, hadi saa tano. Gari lilitoka bila yeye.

Swali: Uliieleza familia yako?

Jibu: Hapana.

Swali: Kwa nini?

Hapo pameandikwa: mwombaji hakujibu.

Yaliyobaki hayamo kwenye karatasi, nakuambia wewe. Siku ya tatu mliponituma kituo kikuu, askari wa zamu alifungua kitabu akaniuliza, "Tuandike amepotea au amesafiri?" Nikasema andika amepotea. Nilijua ulichokuwa unakifanya siku zile, unazunguka vituo na picha yake na barua ya kuomba aletwe mahakamani, wanakupiga danadana, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Nilijua unazunguka vituo visivyo. Niliogopa nikikutajia geti utakwenda, na wao watajua nani kakuambia. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine kwa miaka, sijaipata.

Nilipofika huku niliyasema yote kwa saa mbili mbele ya mtu nisiyemjua, kwa sababu bila kuyasema nisingepewa karatasi. Niliyasema vizuri. Ofisa alinisifu kwa kumbukumbu yangu.

Kituo chenyewe sina haja ya kukutajia.

Mdogo wako


Tarehe 14 Julai

Kitindamimba,

Mama anaendelea vizuri, anakaa. Bahasha imefika tarehe 10. Nimempa wakili karatasi zote sita, amesema zinatosha, na jana amezituma Tume pamoja na malalamiko yetu. Nimepewa risiti.

Mashine ya kunyooshea mashuka imeharibika, tumerudi kwenye pasi.

Dada


Tarehe 25 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini Mama anatembea. Natumaini binti anasoma. Mimi mzima.

Nimesubiri barua miezi miwili. Ile ya mwisho ilikuwa na mistari michache kuliko risiti uliyopewa. Nimeisoma na kuisoma nikitafuta kama kuna neno chini ya neno, mpaka nikajiona mjinga, maana mashine imeharibika ni mashine imeharibika tu.

Wakili ameniandikia kwamba Tume imepokea malalamiko na imeyapeleka kwa serikali ijibu. Ameniuliza kama nitakubali kuitwa kutoa ushahidi kwa mdomo. Nimemjibu ndiyo. Ofisini nimewaeleza wakuu wangu. Wamenipa wiki mbili za mapumziko, nimezitumia kukaa kitini. Niliporudi kazini, mwombaji wa kwanza akasema "mimi", nikafungua mdomo nimfuate, sauti ikachelewa. Ofisa akadhani sikusikia.

Dada, nitukane. Niite unavyotaka. Ukinitukana nitajua bado tunaongea. Uliwahi kunichapa kwa sababu nilikata mkia wa kishada cha Redio, ukanipiga mpaka fagio likakatika, na jioni tukacheka wote watatu. Siombi ucheke, naomba tu usiniandikie kama karani.

Umemwambia Mama?

Mdogo wako


Tarehe 2 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anatembea hadi mlangoni na kurudi. Binti yangu amemaliza mitihani. Mashine imetengenezwa.

Serikali imejibu Tume. Miaka saba wamekuwa wakisema hawajawahi kumkamata, hawamjui, watamtafuta. Safari hii wametajiwa geti, saa na viatu, wakaona kukana kutawaaibisha mbele ya wenzao. Wamekuja na maelezo mengine, na nakala ya kitabu cha zamu cha kituo kile. Wakili amenionyesha. Mwandiko mzuri tu. "Ameingizwa saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, kwa mahojiano." Kisha, siku ya tisa, "Ameachiwa saa nne asubuhi, akiwa na afya njema." Mahali pa sahihi kuna kidole gumba. Yaani Redio, aliyekuwa anaandika kila kitu, anaandika hadi nani kachelewa chai, siku ya tisa hakuweza kushika kalamu.

Wakili alipokiona kile kidole alirudi kusoma mstari wa siku ya tisa. Baadaye akaanza kufurahi, akajizuia kwa ajili yangu, nikamwambia furahi tu. Anasema wamekubali kwa maandishi yao wenyewe kwamba walikuwa naye. Mbele ya Tume, aliyemshika mtu ndiye wa kueleza alimfikisha wapi, siyo sisi tena wa kuthibitisha. Na kile kitabu mahakama za hapa hazikuwahi kukiona, kwa hiyo ataomba faili lifunguliwe upya hata nyumbani. Anasema katika kazi yake hajawahi kufika hapa. Yote ni kwa sababu ya karatasi zako, nakuandikia hilo kwa kuwa unastahili kulijua. Watakuita mwezi wa tatu. Utakwenda, na utasema kama ulivyosema kule, neno kwa neno, pamoja na pale ulipoulizwa kwa nini. Safari hii ujibu.

Fomu ya vifo nimeirudisha kwa karani ikiwa tupu.

Umeniomba nikutukane. Nimejaribu. Nimekaa jikoni na karatasi mbele yangu, nimetafuta tusi, nayajua yote moja moja, lakini hakuna lililotaka kutoka. Sina hasira, na ningeipata ningeishukuru. Nilichonacho ni hesabu, na hesabu yenyewe sijamwonyesha mtu.

Geti la kijani ni lile la nyuma ya hospitali, kwenye njia tunayoingilia sisi wa kufua. Siku tisa, kuingia asubuhi na kutoka jioni, ni mara kumi na nane. Siku moja nilikuwa na mapumziko, natoa mbili. Jioni ya siku ya tisa siihesabu, maana kitabu kinasema alishatoka. Inabaki kumi na tano. Siku ya sita mvua ilinikuta hapo, nikajibanza chini ya bati la geti lao, askari akanitolea kiti. Nilikaa kama nusu saa. Nilimwonyesha picha, nikamwuliza kama amesikia habari za katibu wa kiwanda cha betri. Akaishika vizuri isilowe, akaitazama, akanipa pole. Kituo kile hakikuwa kwenye orodha yangu kwa sababu ni kidogo, nilifikiri wanashughulika na wezi wa dawa tu.

Na siku ya kwanza, siku yenyewe, mimi niliingia kazini saa mbili kamili kama kawaida. Wewe umeapa kwamba ulikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha magazeti, mpaka saa tano. Kibanda kile kinatazama geti. Basi uliniona nikipita.

Mama sijamwambia. Ameona bahasha yako mezani, ameitambua kwa stempu, akaniuliza unasemaje. Nimemwambia unamsalimia.

Dada